Pita Alipopita Ng'ombe

Mwezi wa tano mwaka 1953, wakati mtama unavunwa, nilimpoteza mwanangu Masanja. Alikuwa mtoto wangu wa pili, meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka na mengine hayajaota. Alikufa maji katika lambo la kijiji chetu, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, mchana, jua likiwaka, watu wakiwa mashambani kila upande.

Nimeanza na hilo, mwanangu, ili usikae ukilisubiri. Watu wakisimulia msiba huuzungusha kama mbwa anayetafuta pa kulala. Mimi nilisoma hadi darasa la nne tu, sijui kupamba maneno, na hili halitaki kupambwa.

Kwanza ujue sisi ni watu wa maji ya namna gani. Mito yetu ni ya mchanga. Mvua kubwa ikinyesha mto hupita kwa kishindo, na watoto wote hukaa mbali kwa sababu wanausikia. Kesho yake unavuka bila kulowesha goti. Kiangazi kikiingia unachimba mchanga kwa kata, unangoja, maji yanakuja taratibu kama machozi ya mtu mzima. Hayo ndiyo maji tuliyoyajua. Kisha serikali ya siku zile ikahimiza malambo kwa ajili ya mifugo, na letu likachimbwa na wanaume wa kijiji chenyewe, kwa majembe na vikapu. Udongo ulitolewa upande wa chini, pale pale likajengwa tuta la kuzuia maji. Mume wangu alichimba pale kabla hajapata kazi Mwadui kwenye almasi. Lilipojaa mara ya kwanza tulipiga vigelegele. Nakumbuka nilimbeba Masanja mgongoni, nikamwambia, tazama, baba yako ametuletea ziwa.

Siku aliyokufa alikuwa anachunga ndama. Wanawake waliokuwa wakipura mtama karibu na pale waliona ndama mmoja akiteremka tutani, na mtoto nyuma yake. Waliponyanyua macho tena, ndama alikuwa ametokea ng'ambo anatikisa masikio. Mtoto hakuwepo. Walikimbia, wakapiga yowe, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kuogelea. Zaidi ya hapo sikuulizia, nao kwa wema wao hawakuniambia.

Baada ya matanga mume wangu alirudi kazini, maana ruhusa yake ilikuwa imekwisha. Nikabaki na mama yake mzazi, ambaye nilimwita mayu, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kisukuma, na binti yangu mkubwa, Minza. Minza alikuwa darasa la pili. Hapo ndipo nilipoanza kumfungia.

Sikumfunga kwa kamba, la. Nilimwambia akae uani. Akitaka kwenda kuchota maji, nitakwenda mimi. Akitaka kuni, nitaleta mimi. Shule nilimruhusu asubuhi, na nilimsindikiza mwenyewe hadi mlangoni, wenzake wakamtania kwamba anapelekwa kama ng'ombe wa mahari. Lakini siku za kutoka nje na mwalimu nilimzuia nyumbani.

Maana shule yetu ilikuwa na mwalimu wa namna yake. Aliitwa Anatoli, kijana Mzinza wa Nkome, huko ziwani kwenye mitumbwi na dagaa. Alifundisha hesabu na kusoma ndani kama walimu wengine, lakini viumbe na kazi za mikono alisema havifundishiki penye kuta. Mara mbili kwa wiki aliwatoa watoto wote. Waliokota magome ya miti na kuambiana majina yake, walifuata mchwa hadi kwenye kichuguu, walifinyanga, walisuka mikeka. Wazee walimcheka. Mmoja alisema mbele yake, "Mwalimu, watoto tumekuletea wasome. Kuzurura porini wanajua tangu zamani, sisi ndio tuliowafundisha." Mwalimu akacheka naye, akasema basi wazee waje wamsaidie, maana wao ndio wenye shahada. Alikuwa hana ugomvi.

Sasa, kabla ya msiba wetu, alikuwa amewapeleka watoto lamboni kutazama ndege. Masanja hakuwa shule bado, wala hakuwa miongoni mwao siku ile aliyokufa. Lakini msiba hutafuta mtu wa kumshika mkono. Watu wakaanza kunong'ona kwamba huyu Mzinza ndiye aliyewazoesha watoto maji, ndiye aliyeondoa woga. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu wakati ule, akaitisha kikao cha Jumapili. Akatuma mtu kwangu na ujumbe mfupi: nikisema watoto wasitoke tena, hawatatoka, na mwalimu atafundisha ndani au aombe kuhamishwa. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Wote walikuwa wananingoja mimi.

Nami nilikuwa tayari na jibu. Nilisema moyoni, wasitoke. Hata mmoja. Sikuwa na chuki na yule kijana. Alikuja msibani akachimba kaburi pamoja na wanaume, mikono yake ikachubuka. Lakini nilitaka dunia nzima ikae uani kwangu, nimwone kila mtoto kwa macho.

Jumatano mwalimu alipita nyumbani. Alisimama nje ya ua wa miti ya manyara, akaniamkia shikamoo ingawa hatukupishana sana umri, nami sikumkatalia, maana mfiwa huamkiwa. Hakutaja kikao. Alisema tu kesho watoto watakuwa lamboni, wanasokota kamba na kupima maji, na kama nikimpa Minza atamshika mkono mwenyewe njia nzima. Nikamwambia Minza ana kazi nyumbani. Akasema, "Haya, mama," akaondoka. Minza alikuwa nyuma ya ghala amesikia yote. Hakulia wala kukunja uso. Alichukua ufagio akaanza kufagia uwanja niliokwisha kuufagia.

Mayu alikuwa ameketi mlangoni anasuuza vibuyu vya maziwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu mjukuu wake azikwe yalikuwa yamepungua zaidi. Alimtazama mtoto yule akifagia mahali pasafi, akamtazama muda mrefu. Kisha akaniita kwa jina langu la ujana, ambalo hakuwa amelitumia tangu niolewe.

"Mtoto mmoja tumemzika," akasema. "Huyu mbona unamzika anatembea?"

Mwanangu, niliwahi kupigwa na baba yangu, niliwahi kuumwa na nge, na nilizaa mara mbili. Hakuna kilichoniingia kama maneno yale. Nilitaka kumjibu kwa hasira. Nilitaka kumwambia kwamba yeye hajui, kisha nikakumbuka kwamba katika maisha yake alizika watatu, na mume wangu ndiye aliyebaki. Mayu aliendelea kusuuza kibuyu chake, na baada ya hapo akasema kama mtu anayezungumza na kibuyu kwamba hata yeye hakuwahi kuyaona maji yale kwa karibu, anayaogopa, na anayeogopa kitu asichokijua hana tofauti na kipofu anayetupa mawe.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikamwambia Minza avae, twende. Aliniuliza tunakwenda wapi. Nikasema shuleni, kisha lamboni, na mimi nakwenda pia.

Sikuwa nimerudi pale tangu siku ile. Nilikaa mbali, chini ya mti wa mgunga, nikajifunika kanga hadi kichwani. Watoto walikuwa wameketi majanini, kila mmoja na jani la mkonge. Wakubwa walilikwangua kwa upande butu wa kisu hadi nyama ya jani ikatoka na nyuzi nyeupe zikabaki. Wadogo walizisokota pajani kwa kiganja. Ni kazi inayochoma. Mapaja yao yalikuwa mekundu, na mvulana mmoja alikuwa analalamika kwamba atakwenda nyumbani bila ngozi. Msichana mwenzake akamwambia afadhali, mama yake atapata kiriba cha maji. Wakacheka wote, na Minza akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kina sauti gani.

Kamba zilipounganishwa, mwalimu alimwita mtoto mfupi kuliko wote darasani asimame wima. Akafunga kipande cha kitambaa kwenye kamba pale ilipofika gotini pa mtoto yule, kingine kiunoni, kingine kifuani, na cha mwisho, chekundu, utosini. Ncha ya chini akafunga jiwe. Kisha hakuwapeleka majini. Aliwaambia wakae, watazame ndege.

"Tazameni miguu yao," akasema. "Yule korongo amesimama. Goti lake liko wapi?"

Watoto wakasema liko juu ya maji. Akauliza, na upande wa tuta, mnaona korongo yeyote amesimama? Wakatazama. Hapakuwa na hata mmoja. Upande ule palikuwa na bata tu, wanaelea. Kijana mmoja akasema korongo wanaogopa tuta kwa sababu watu hupita pale. Mwingine akasema la, hawana pa kukanyaga. Mwalimu hakuwaambia nani amepatia. Aliwapa kamba, akasema twendeni tukaulize maji yenyewe.

Upande wa juu, ambako ng'ombe hunywa, walitupa jiwe na kuvuta. Kitambaa cha goti tu ndicho kilicholowa. Wakasogea, wakatupa tena, kikalowa cha kiuno. Walipofika kwenye tuta, mwalimu aliwalaza kifudifudi wote, wakachungulia kama mijusi, akateremsha jiwe polepole kutoka pale juu. Kitambaa cha goti kikazama. Cha kiuno. Cha kifua. Chekundu kikazama, na kamba ikaendelea kwenda. Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi.

Hapo mwalimu akawauliza swali. Kama ndama wako ameteremkia hapa, wewe utapita wapi? Watoto wakajibu kwa pamoja, kama wanavyoitikia sala, "Pita alipopita ng'ombe."

Mwanangu, hilo ni neno letu. Kila mtoto wa mfugaji hulisikia kabla hajajua kufunga nguo yake. Na ni neno jema. Porini, alipokwisha pita ng'ombe nyoka amekimbia, mwiba umelala, shimo limeonekana. Mimi nilipewa na mama yangu, naye alipewa na wake, na limewavusha watoto wengi salama. Siku Masanja alipokabidhiwa ndama wa kwanza, nilimwinamia nikamwambia kwa mdomo wangu huu. Akalirudia mara nyingi njiani, kwa ule mdomo wake wenye pengo.

Minza hakuitikia pamoja na wenzake. Alikuwa amelala pale tutani bado anaitazama kamba. Akasema, si kwa nguvu, "Mwalimu, Masanja alipita alipopita ng'ombe."

Mwalimu alikaa chini karibu naye. Baadaye akamwambia ndiyo, Minza, alifanya kama alivyofundishwa, alikuwa mtoto msikivu. Akawaambia watoto wote kwamba ng'ombe huzaliwa anajua kuogelea, hata ndama wa juzi, na mtoto wa mtu hazaliwi akijua, hata yeye aliyezaliwa ufukweni alifundishwa na kaka zake kwa kumezeshwa maji mengi. Kwa hiyo nchi kavu fuata kwato. Majini, kwato hazikuachii alama; fuata korongo.

Nilikuja nikakaa miongoni mwao. Sikumbuki nilivyotembea. Hadi saa ile nilikuwa nadhani mtoto wangu alikuwa mtundu, kwamba aliyachezea maji niliyomkataza, na nilikuwa nimemkasirikia. Unaweza kumkasirikia mtoto aliyekufa, mwanangu. Hakuna anayekuambia hilo, lakini inawezekana, na ni mzigo mzito. Kumbe hakuwa mtundu. Alikuwa ananitii. Nililia pale mbele ya watoto wa watu, na Minza akanishika bega kama mtu mzima. Wale watoto hawakunicheka. Yule wa mapaja mekundu aliniletea maji ya kunywa kwenye kata, na nikayanywa.

Jumapili kikao kilifanyika. Mwanangwa alieleza, wazee wakasema waliyokuwa nayo, na mwalimu alipopewa nafasi alisema neno moja tu: kwamba hata akifungiwa ndani, ng'ombe watakwenda kunywa, na watoto ndio wachungaji. Kisha wakanigeukia. Mwanamke kusema mbele ya wazee haikuwa kawaida, nami nilikuwa na haya. Nilisimama nikasema, "Watoke. Na wangu awe wa mbele."

Mzee mmoja akaniuliza kama nimefikiri vizuri, asije akasikia kesho nimebadilika. Nikamwambia nimefikiri kwa namna ambayo simwombei yeye aifikirie. Akainamisha kichwa, akasema basi.

Tangu hapo wazee wawili watatu walianza kutoka na watoto. Yule aliyesema watoto wanajua kuzurura tangu zamani ndiye aliyewafundisha kupanda manyara juu ya tuta, vijiti vilivyokatwa na kuchomekwa, na kuwaonya juu ya utomvu wake kwamba hupofusha, na kwamba ukiingia jichoni dawa ya kwanza ni maziwa. Ua ule ulishika hata bila mvua. Sitakuambia kwamba tangu siku ile hakuna aliyekufa maji kwa ajili ya somo lile, kwa sababu sijui. Mtu hawezi kuhesabu msiba ambao haukutokea. Ninachojua ni kile nilichokiona.

Nawe, mwanangu, unayelea sasa, au unayefundisha watoto wa wenzako, sikia. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, lakini mkunjie mahali atakapoishi. Ukimpa mtoto neno la wazee, mpeleke nalo hadi linapoishia. Mwonyeshe: hapa linafaa, na hapa halifai tena. Usimpe akalitumie peke yake mahali ambapo wewe hukuwahi kufika. Mwekee kamba mkononi, jiwe mkononi, udongo mkononi, maana mkono hausahau upesi kama sikio. Mfundishe kutazama mguu wa ndege. Mkataze yanayostahili kukatazwa, lakini ukimkataza kila kitu hutakuwa umemlinda, utakuwa umemwacha mgeni katika nchi yake mwenyewe. Na ukipatwa na lililonipata mimi, nakuombea usipatwe, usiwafungie waliobaki ili wakufute machozi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi sijapoa hadi leo. Lakini mtoto hakuzaliwa awe bandeji.

Mungu akupe watoto wanaouliza maswali, na akupe magoti ya kuinama nao chini watazamapo. Akupe wazee wa kukukemea kwa sauti ndogo. Njia zako ziwe na vivuko vifupi, na utakapovuka kirefu, awepo aliyekwisha pima kabla yako.

Yaliyobaki ni machache. Mwisho wa mwezi ule mume wangu alirudi kutoka Mwadui. Nilimweleza yote, tumeketi uani, mayu akiwa kando. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema anataka kwenda kuliona lambo. Tulikwenda watatu, mimi, yeye na Minza, jua likianza kulegea. Alitembea mbele, kichwa chini, moja kwa moja kuelekea tutani, mahali alipochimba kwa jembe lake mwenyewe. Minza alikimbia akampita, akamshika mkono.

"Huko ni kirefu, baba," akamwambia. "Njoo upite huku."

Akamgeuza, wakateremka pamoja upande wa juu, waliposimama korongo, hadi maji yakamfika mtoto gotini.